Makovu Yaliyodhaniwa Chenga

Mtaani walimwita Mama Chenga, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka kumi na minne alikaa chumba cha nyuma cha studio, pua karibu igonge kioo cha kompyuta, akifuta chenga: zile punjepunje zinazotapakaa kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu. Mkono ulipoanza kumuuma, akajifunza mwenyewe kuandika skripti. Maagizo machache tu: fungua picha, lainisha chenga, hifadhi, nenda ya pili. Picha mia nne za harusi zinaisha huku yeye anakunywa chai. Hakuna aliyemfundisha, wala hakuna aliyemwambia ahsante.

Lakini alijua skripti haina macho. Picha ngumu alizitenga kwenye folda aliyoiita SUBIRI, naye alimwambia shemeji yake, mwenye studio, mara moja, mbili, tatu: "Shemeji, hii usiiguse. Hizi nazifanya kwa mkono." Sikio la kufa, jamani, halisikii dawa.

Ndani ya SUBIRI ilikuwamo picha ya marehemu mke wa mwalimu mmoja mstaafu. Mama yule aliugua ndui utotoni, uso ukabaki na makovu, akaikimbia kamera maisha yake yote. Picha yake ilikuwa moja tu duniani: anacheka jikoni, na chenga tele. Mwalimu alileta kadi ya kumbukumbu ya simu yake. Studio ikanakili, ikaifuta kadi, ikamrudishia tupu, maana ndivyo walivyozoea, eti mteja aondoke na nafasi ya kutosha. Ujinga mtupu, na hakuna aliyewahi kuuhoji.

Jumatatu Mama Chenga alikwenda kliniki. Shemeji, kwa kiherehere chake, akaendesha skripti kwenye kila folda, tena akachagua ihifadhi juu ya picha zilezile ili kompyuta isijae.

Mama Chenga aliporudi alifungua SUBIRI, akaitazama picha ya mke wa mwalimu. Skripti ilidhani makovu ni chenga. Uso ulikuwa laini kama yai.

"Mbona amependeza!" shemeji akasema. "Mwalimu atafurahi."

"Amependeza nini? Umemfuta mke wa mtu! Nilikwambia usiguse! Hayo masikio umepewa ya kuning'inizia miwani?"

"Kwani skripti ni ya nani? Si yako?"

Mama Chenga akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mpuuzi yule alikuwa amesema kweli.

Mwalimu alipokuja, aliitazama picha. "Huyu simjui," akasema. Shemeji, bila haya, akakumbuka ghafla ana simu ya kwenda kupiga nje.

"Mwalimu, kosa ni letu, na ile kadi tuliifuta," Mama Chenga akasema. "Lakini keti hapa. Nionyeshe kila kovu lilikaa wapi, nitayarudisha moja moja."

Mwalimu akavuta kiti. "Kubwa lilikuwa hapa," akasema, akagusa shavu lake la kulia. Akasita. Akagusa la kushoto, kisha akarudi la kulia. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na kidole hakijui pa kutua.

"Tazameni mlichonifanyia," akasema. "Kabla hamjanionyesha hii, nilikuwa najua."