Jina Nililoliandika Penye Mmiliki

Admin, shikamoo, kama mkubwa ni mimi basi marahaba. Nifiche jina, na la timu usilitaje, ingawa wa huku kwetu wakisoma mistari mitatu watanijua tu, maana mimi kusema kwa ufupi sijui.

Ni mama wa miaka hamsini na mbili, elimu yangu darasa la saba, naishi kijiji kimoja cha delta ya Rufiji, upande wa Mbwera. Nalima mpunga, nina watoto wanne. Wa tatu nimwite Shaa, ni kipa. Mtasema namsifia kwa kuwa ni mwanangu. Ndiyo, ni mwanangu, lakini hata ninyi mngemwona anavyoruka mngemsifia. Mikono ile nimeizaa mimi.

Timu ilianza kwa Shaa na wenzake kupiga mpira kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mpole, fundi mitumbwi, akaitisha kikao akasema tuwe na timu ya kila nyumba, isiwe ya mtu. Kila nyumba ikatoa ilichokuwa nacho. Wanaume wakakata miti ya magoli. Sisi wanawake tukang'oa mabua na kuziba matundu ya kaa siku nne, viuno vinauma kama tumetoka kujifungua. Jezi zilitoka kwenye mpunga wetu wenyewe.

Msimu wa kwanza tulifungwa mpaka aibu. Bamvua likija, maji yanapanda hadi kwenye boksi la kipa, wageni wanatucheka: "Hawa wanacheza au wanavua?" Nikawajibu kutoka pembeni, "Vueni viatu, wanangu, huku mpira hauchezwi na mabwana harusi!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Msimu wa pili walilia wao. Wa tatu tukapanda ligi ya mkoa. Sisi, watu wa matopeni! Wiki nzima nilitembea kijijini kama mabao nimefunga mimi.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Kabla ya msimu wa kwanza, mimi na mwenyekiti tulitumwa Kibiti kuisajili timu. Nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko wangu. Shuleni mwalimu alikuwa anawaonyesha wenzangu daftari langu. Adhuhuri ikaingia, mzee akaenda msikitini, fomu akaniachia. "Mama Shaa, penye mmiliki andika wananchi wote."

Nikafika pale. Nafasi ilitosha, sitawadanganya. Nikaandika jina la mwanangu, majina yote matatu. Hakunituma mtu wala sikukosea. Nilitaka tu jina letu likae kwenye karatasi ya ofisini, lisomwe na watu waliovaa tai. Mzee aliporudi, fomu nilikuwa nimeshaikabidhi. Niliporudi nyumbani nikamnong'oneza Shaa, "Baba, timu nimekuandika wewe." Akacheka. Kijiji nikakiambia nimeandika wananchi.

Mwaka huu tajiri mmoja wa mjini akamfuata Shaa. Akamwambia timu ihamie kwake, naye atakuwa kipa namba moja na kazi atampa. Shaa akasaini. Sisi huku tunajua ametangulia tu mjini, tutamkuta uwanjani. Siku ya mechi ya kwanza tukavuka na boti mbili, vijana ndani ya jezi, akina mama vigelegele njia nzima. Tunaingia uwanjani, tunaikuta timu yetu inapasha. Jina letu, vijana wengine. Golini yupo Shaa, na hakutazama upande wetu.

Mwenyekiti akaenda kuuliza, akaonyeshwa fomu. Akaisoma mara mbili, kisha akakaa chini na kanzu yake nyeupe.

"Kijana kaghushi," akasema. "Mama Shaa, wewe si uliandika wananchi?"

Mwandiko ulikuwa wangu, lakini yeye sifa zake alizisikia tu, hajawahi kuuona. Nikamjibu, "Niliandika wananchi, mzee."

Hapo ndipo nilipomtosa mwanangu mbele za watu.

Jioni akanipigia. "Mama, huko wanasema nimeghushi. Waambie basi."

Nikatoka na simu hadi nyuma ya nyumba, wasinisikie.

"Mama, si uliniambia mwenyewe kwamba timu ni yangu?"

"Si ungeuliza kwanza kabla ya kusaini?"

"Ningemuuliza nani, mama? Mwenye timu si mimi?"

Akakata. Tangu siku ile simu yangu hapokei.

Vijana wetu wamerudi kukata mikoko, uwanjani kaa wamechimba upya. Na kijiji kimeamua: Ijumaa hii baada ya swala itasomwa halbadiri, imwangukie mtu aliyeandika jina lile. Msinijibu kwamba hayo mambo ya kizamani. Huku tumeyaona yaliyowapata watu. Tena kwa kunihurumia, wanasema "masikini Mama Shaa, kazaa mwizi," wamenipa mimi kazi ya kupika wali wa wasomaji. Mchele nimeshaupepeta.

Nikisema ukweli, timu hairudi. Ofisini wameshaniambia, mwenye jina amesaini, basi. Na mimi kwa hawa wanawake tuliong'oa nao mabua sitakuwa na uso tena. Nisiposema, dua itaujua mkono ulioshika kalamu. Au itamkuta Shaa, kwa kuwa jina ni lake, naye kosa lake ni kumwamini mama yake.

Akina mama wenzangu, na ninyi vijana pia, msiniambie nimwombe Mungu, hilo nalifanya kila swala. Nishaurini kabla ya Ijumaa. Nipike ninyamaze? Na kama ni kusimama mbele ya wale watu niseme, niambieni, neno la kwanza naanza na lipi?