Pole kwa Mwenye Nyumba

Tangu Nyirangabo afariki, mumewe, Mzee Rurangwa, alijibu kila swali kwa kikohozi. Binti yake Gaju akafunga safari kutoka mji wa Columbus, hukohuko Marekani, kuja kumwona.

"Papa, leo tunatembea. Ukinyamaza hivyo mpaka jioni, kesho ninakubeba Columbus. Hauwezi kubaki peke yako kama hausemi na mtu."

Mzee hakutaka Columbus. Kaburi la mkewe lilikuwa hapa Buffalo. Lakini maneno hayakamuliwi kama ng'ombe, akakohoa.

Gaju akampeleka kwenye jumba la kale lenye nguzo nene nyeupe. Tajiri aliyelimiliki zamani aliliacha liwe makumbusho, pamoja na picha za kuchora zilizokusanywa na ukoo wake. Mama mmoja mwenye miwani akawapitisha chumba hadi chumba, Gaju akitafsiri. Farasi. Meli. Matunda yasiyoliwa. Mzee akakohoa.

Wakafika mbele ya mwanamke wa shingo ndefu, ndani ya fremu ya dhahabu.

"Anasema huyu ndiye alikuwa mke wa mwenye nyumba. Alikufa ghafla. Mume hakununua picha tena."

Mzee akavua kofia. Kwao milimani Kivu, nyumba yenye msiba haipitwi hivihivi. Mtu anaingia, anakaa. Akainua kamba nyekundu, akapita chini yake, akaketi kwenye kiti cha hariri.

King'ora kikalia jumba zima.

"Papa, toka! Hicho kiti kina miaka mia mbili!"

"Basi kimezoea kukaliwa."

"Watatufunga!"

"Bon, punguza sauti. Kuna msiba."

Walinzi wawili wakaja mbio. Mzee akawaonyesha sakafu, wakae nao. Kisha akamgeukia mama wa miwani.

"Gaju, mwambie: pole sana. Habari imetufikia kwa kuchelewa. Mume asile peke yake jioni. Mimi nimejaribu, ugali haushuki. Na nguo za mama asizigawe haraka, bado zina harufu yake."

Gaju akatafsiri. "Lakini Papa, mume naye alishakufa!"

"Pole mbili, basi."

Mama wa miwani akapangusa macho, akaagiza king'ora kizimwe na kiti cha kukunja kiletwe. Mzee akahamia hapo bila ubishi, akaanza kumweleza mambo ya Nyirangabo, kwa Kiswahili kitupu.

Gaju akatoka nje kumpigia kaka yake, Theogene, aliyeko Louisville.

"Anabaki Buffalo. Kunyamaza? Donc njoo wewe umnyamazishe! Jumba linafungwa, na hadithi yake ya Mama bado haijafika siku ya harusi yao."