Barua ya Kumkana Zafarani

Bahasha ilimfikia Nasriya ikiwa imeshafunguliwa. Familia nzima ilikuwa na sanduku moja la posta, lile la Ruwi, Maskati, ambalo marehemu baba yao alilikodi mwaka waliohama Unguja, na ufunguo wake alikaa nao kaka yake, Majid. Hakuna aliyewahi kuona tabu kwa hilo. Barua zenyewe zilikuwa za benki na za wizara, mara moja moja kadi ya Idi kutoka kwa jamaa wa Dubai. Hii ilitoka London. Majid aliiweka juu ya meza ya kulia, akaikandamiza kwa kikombe kama kitu kinachoweza kuruka, akasema atarudi Ijumaa baada ya sala wazungumze. Hakukaa, wala hakuuliza hali.

Ilikuwa Oktoba, mwaka 1999, na Mazoon, binti pekee wa Nasriya, alikuwa ameposwa.

Nasriya alikuwa na miaka arubaini na moja. Alifanya kazi masjala, katika wizara moja pale Al Khuwair, akipanga majalada ya watu wasiojua kama yeye yupo. Alifika Maskati mwaka 1974, msichana wa miaka kumi na sita, na Kiarabu cha ofisini alijifunza akiwa mtu mzima, akicheka pamoja na waliomcheka. Mumewe alikwenda kufanya kazi Abu Dhabi, akaoa huko, akabaki huko. Aliyobaki nayo Nasriya yalikuwa nyumba ya kupanga, mama yake mzee Bi Mahfudha, binti aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea ualimu wa hesabu, na madaftari ya shule ambamo kila alasiri aliandika hadithi kwa Kiswahili. Hadithi hizo hakumwonyesha mtu yeyote mpaka alipojuana na Dorothy.

Dorothy alikuwa Mkenya wa Nakuru, katibu muhtasi katika kampuni ya wahandisi jengo la pili. Walikutana kwa sababu wote wawili walikula chakula cha mchana kwenye kibaraza cha nyuma, Dorothy kwa kuwakimbia mabosi wake, Nasriya kwa kukimbia maswali. Siku alipoazimwa daftari moja, Dorothy alirudi nalo kesho yake macho yamevimba. Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayelea mjukuu wake huku akijua kwamba siku moja mjukuu atapelekwa ng'ambo na yeye ataachwa. Dorothy alisema kuna tuzo London, kila mwaka, ya watu weusi, waigizaji na waimbaji na waandishi, na mwaka ule wamefungua mlango kwa hadithi za lugha za Afrika. Alitafsiri mwenyewe, akapiga chapa kwa mashine ya wahandisi. Alipouliza jina gani aandike, Nasriya alimwambia aandike Zafarani binti Mabruki.

Alidhani anajificha. Zafarani alikuwa bibi yake, mama wa mama yake. Aliletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto mdogo, akanunuliwa, akapewa jina la kiungo kama wenzake walivyopewa majina ya maua na manukato, na akamzalia bwana wa nyumba mtoto mmoja, Mahfudha. Ndiye aliyemlea Nasriya. Ndiye aliyebaki Unguja wao walipopanda ndege, na alifariki miaka miwili baadaye. Maskati, mbele ya afisa aliyeandika makaratasi yao, baba yake Nasriya alisema kwamba Bi Mahfudha ni mtoto wa mke wa ndoa, bibi wa Kiarabu wa ukoo ule ule. Neno likaandikwa, likapigwa muhuri, na tangu siku ile hakuna aliyelirudia, hata nyumbani.

Sasa barua ilisema hadithi yake imechaguliwa miongoni mwa tano za mwisho. Walitaka picha, jina lake la kweli, tamko lililotiwa saini kwamba yeye ni mtu mwenye asili ya Kiafrika, na maneno machache kueleza Zafarani ni nani kwake. Majina yote matano yangetangazwa Disemba.

Wakati huo huo watu wa Aws walikuwa wanauliza. Aws ndiye kijana aliyemposa Mazoon, mhasibu, mpole, mtoto wa nyumba iliyotoka Pemba zamani na kupanda juu haraka. Kwa watu hawa posa haijibiwi vivi hivi. Kwanza huulizwa: wanawake hutembeleana, simu hupigwa hadi Sur na Nizwa, na kinachotafutwa chote kinaingia ndani ya neno moja, kufu, kulingana kwa nasaba. Je, binti ni kufu ya kijana? Ukimsikiliza sheikh hakuna tatizo, mtoto hufuata nasaba ya baba yake. Lakini wanaouliza hawaendi kwa sheikh. Nasriya aliwahi kumweleza Dorothy mambo hayo, na Dorothy akacheka mpaka chai ikampalia. Alisema kwao polisi hawampelelezi mwizi hivyo.

Ijumaa Majid alikuja na kalamu yake mwenyewe. Nasriya alimwambia kwamba hatajibu, atanyamaza, na jambo litakufa. Majid akasema halitakufa. Akinyamaza jina litabaki kwenye orodha, na siku hizi vijana wanafungua kompyuta hapo Qurum na kusoma magazeti ya London kabla watu wa London hawajaamka. Atatokea mmoja tu, aliyezaliwa Unguja, aliyewahi kusikia jina la Zafarani, naye atajua limetoka nyumba gani. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiifungua na kuifunga kalamu yake. Hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya maziko ya baba yao.

Alimgeukia mama yake. Bi Mahfudha alikuwa kwenye kochi, tasbihi mkononi, macho kwenye zulia.

"Mama, huyo ni mama yako," alisema Nasriya.

"Nnamjua mamangu ni nani. Hujanifundisha wewe." Bi Mahfudha akavuta punje mbili tatu za tasbihi. "Nilishamwacha mara moja, Nasriya, pale uwanja wa ndege. Mara ya pili haiumi. Andika, mwanangu, mtoto aolewe."

Majid alitamka, Nasriya akaandika, nakala moja ya Kiarabu na moja ya Kiingereza. Kwamba yeye ni Mwarabu kwa baba na kwa mama. Kwamba si mtu mweusi wala hana asili ya Kiafrika. Kwamba Zafarani binti Mabruki si bibi yake, na hakuna aliyewahi kuwa na jina hilo katika ukoo wao. Akatia saini. Alipoisoma tena, kwenye neno "bibi" aliona kwamba amelikosea herufi, akalipitia tena kwa wino mpaka likawa jeusi kuliko maneno mengine yote kwenye ukurasa.

Siku kumi baadaye jibu la posa lilikuja. Ndiyo. Bi Mahfudha alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Nasriya alishukuru kama wengine, lakini lilimkaa moyoni jambo moja: nyumba ile iliyouliza kwa wiki sita, ghafla imeacha kuuliza. Simu zilikatika siku moja, zote pamoja. Alijiambia kuwa ni kheri.

Sharti la Mazoon lilikuwa moja tu, amalize chuo, na watu wa Aws walilikubali bila kubishana.

Disemba Dorothy alimletea karatasi kibarazani. Majina yalikuwa manne. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba mshiriki wa tano ameondolewa kwa kuwa si mtu mweusi, na tuzo hii ni ya watu weusi.

"Wamekuamini," alisema Dorothy.

Nasriya alijaribu kumweleza habari ya Mazoon, ya kuuliza, ya kufu. Dorothy alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kopo lake la chakula ambacho hakuwa amekigusa.

"Na mimi je, Bi Nasriya? Ukinitambulisha kwa watu wenu, unawaambia mimi ni nani? Rafiki yako, ama mfanyakazi wa jengo la pili?"

Hakungoja jibu. Hakuja tena kula pale, na walipopishana uwanjani alimsalimu kwa Kiarabu.

Harusi ilifanywa Februari. Bi Sayyida, mama yake Aws, alimpokea mkwewe kwa udi na mikono miwili, na kila aliyekuwapo alisema binti kapata nyumba. Walihamia Al Amerat, nyumba mpya nyuma ya milima, ya ghorofa mbili, rangi haijakauka vizuri, na hakuna gari linalopita njia ile bila kuwa linakuja hapo. Nasriya alikwenda kila mwisho wa wiki. Hakuona baya. Alichoona ni kwamba Bi Sayyida alikuwa na tabia ya kumtazama Mazoon akitengeneza nywele, kichwa kaegemeza upande, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mara moja alimuuliza mafuta gani anatia. Mazoon akamtajia. Bi Sayyida akasema, ahaa.

Oktoba Mazoon alikuwa na mimba ya miezi minne, na mwaka wa mwisho wa chuo umeshaanza. Alhamisi moja alikuwa na furaha, alikuwa wa kwanza katika mtihani wa majaribio, akamsimulia mama yake swali moja baada ya jengine. Bi Sayyida akamwomba akalete kahawa. Alipotoka, bibi huyo alisogea karibu na Nasriya kwenye godoro, goti kwa goti.

"Akiwa mwanamke huyo mtoto, nilikuwa nnafikiri tumwite Zafarani. Jina zuri lile. Linanukia."

Nasriya alirudisha goti lake nyuma.

"Nnakutania, mama Mazoon. Usibadilike rangi." Alimpiga piga mkono, taratibu. "Sisi tulikuwa tunauliza habari moja tu, kwa nini baba yake mtoto kakimbilia Abu Dhabi. Basi. Mara kaka yako akamletea baba Aws nakala ya barua, kwa hiari yake, ati tukisikia lolote tusiamini. Baba Aws hasomi karatasi ndefu, aliitia kwenye mtoto wa meza. Mimi nikaisoma. Nikajiuliza, mtu hukana alichosingiziwa. Hawa kawasingizia nani? Nani katwambia habari za Zafarani? Hakuna. Mmetuletea wenyewe."

Nasriya hakuwa amejua kwamba Majid alipeleka nakala. Aliona kalamu ya kaka yake ikifunguliwa na kufungwa, na sasa akaelewa kwa nini simu zilikatika zote siku moja.

"Simu moja tu ya Unguja," alisema Bi Sayyida. "Wapo bado wazee wanaomkumbuka. Wanasema alikuwa mwanamke mwema khasa, alikulilia mpaka akafa. Baba Aws sijamwambia. Aws ndiyo kabisa, ana hamaki yule. Limekaa kwangu tu, na kwangu halitoki."

Jikoni vikombe viligongana. Mazoon alikuwa akiimba kitu, kwa sauti ya chini.

"Sasa mimi nna ombi dogo," alisema Bi Sayyida. "Kutoka huku mpaka chuo ni mbali, na hali yake ile. Nnataka aache kusoma, akae nyumbani. Nikimwambia mimi ataniona mkwe mbaya. Utamwambia wewe. Leo, nikiwapo."

"Tuliwekeana sharti," alisema Nasriya. Sauti ilimtoka kama ya mtu aliyeamshwa.

"Tuliwekeana. Na barua nayo tuliwekeana?"

Mazoon aliingia na sinia, akachutama kuiweka chini, mkono mmoja tumboni. Alisema mama asiondoke kabla hajaonyeshwa karatasi yake ya mtihani, iko juu, mwalimu kaandika maneno mazuri pembeni. Nasriya alimwambia akae kwanza. Alimtazama mtoto wake usoni, akatafuta pa kuanzia, akakuta maneno yapo tayari, yamepangwa, kama yale aliyotamkiwa mwaka uliopita.

"Mazoon, mwanangu," alisema, "nimefikiri kuhusu hiki chuo. Naona ukiache."

Mazoon alicheka, kisha akamtazama mkwewe aone kama naye anacheka. Bi Sayyida alikuwa anamimina kahawa. Kikombe cha kwanza alimpa Nasriya, na Nasriya akakipokea kwa mkono wa kulia, akamshukuru.