Daftari la Chiriku Lilivyonivua Nguo

Mzazi mmoja aliwahi kunishukuru kwa matusi niliyomwandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Alinishukuru mbele ya mwalimu mkuu, kisha akaniomba niyasome kwa sauti.

Najua mtasema natunga. Laiti ingekuwa hivyo.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nina watoto ishirini na sita, na kila mmoja ana daftari la mawasiliano. Jioni namwandikia mzazi habari za mtoto, mzazi anasoma, anatia sahihi, asubuhi daftari linarudi.

Kulikuwa na binti wa miaka mitano tuliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Tatizo lilikuwa moja: aling'ata wenzake. Baba yake, fundi baiskeli, alimlea peke yake, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikiona kutoka dirisha la darasa.

Kuvuka barabara nikamwambie? Nani, mimi? Niliandika tu, na kalamu yangu haikuwa na adabu. "Mtoto wako ni msumbufu." "Inaonekana nyumbani hakuna anayemfundisha." Siku moja nikavuka mpaka kabisa: "Kama malezi yamekushinda, sema."

Jibu? Kila asubuhi daftari lilirudi na doa la grisi pale pa sahihi. Jeusi tii. Nikawaambia wenzangu ofisini kwamba yule baba anafutia mikono barua zangu. Tulicheka sana siku ile.

Nikapeleka mashtaka kwa mkuu: mzazi hatoi ushirikiano, mtoto aondolewe. Mkuu wetu ni mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Akamwita.

Baba Chiriku alifika kabla ya saa aliyopangiwa, mikono ameisugua mpaka imepauka, binti yake kamshika kidole. Mkuu akamweleza kwamba mwalimu ameandika mara nyingi na yeye hajali.

Mwanaume alishangaa kweli. Akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki alioufunga vizuri.

"Mbona mimi na mwalimu tunaelewana? Mimi kusoma sijui, mama. Mwanangu ndiye hunisomea, nami naweka dole gumba. Na kusoma kwenyewe amefundishwa na mwalimu huyu. Namshukuru sana; maneno yake ndiyo yananiamsha asubuhi."

Dole gumba. Ndugu zangu, lile doa lilikuwa sahihi yake.

Na Chiriku, niwaambie ukweli, alikuwa hajui kusoma hata jina lake.

Baba akafungua ukurasa uliokunjwa pembe. "Huu naupenda kuliko yote. Nisomee, mwalimu, mkuu naye asikie."

Nikautazama. Ulikuwa ule wa malezi yamekushinda.

Nikamtazama Chiriku, naye alikuwa ananitazama mimi, hapepesi macho. Nikaamua kubuni. Nikatafuta jema lolote la mtoto yule, na kumbe yalikuwepo tele. Mara ngapi nilimwona akiwafunga wenzake kamba za viatu? Sikuwahi kuandika hata mstari.

"Leo Chiriku amewafunga wenzake wanne kamba za viatu," nikasoma, sauti inakwaruza.

Baba akakunja uso taratibu. "Hapana, mwalimu. Hapo pameandikwa Chiriku anaimba vizuri, na baba yake anajitahidi. Nimeshapakariri."

Uso wangu sikujua niuweke wapi.

Chiriku akamvuta baba yake shati. "Baba, usimseme. Na yeye bado anajifunza."

Mkuu akanyoosha mkono, akachukua daftari, akasoma kurasa tatu. Akamwambia baba kwamba mtoto haendi popote. Kisha, bila kunitazama, akaniambia nimsindikize mzazi mpaka getini.

Chiriku akatangulia kukimbilia bembea. Pale getini nikamwambia baba yake yote, neno kwa neno, hata kile kicheko cha ofisini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alitazama kibanda chake ng'ambo ya barabara.

"Kwa hiyo mtoto alikuwa anatusitiri sote wawili," akasema. Kisha akaongeza, polepole, "Mwalimu, kibanda ni hapo tu. Ungeniita ningesikia."

Siku hizi navuka barabara. Naanza na jema, ndipo nataja la kung'ata, naye ananieleza ya nyumbani huku anajaza upepo matairi ya watu. Kung'ata kumepungua, hakujaisha. Na jioni, kazi ikiisha, namfundisha baba herufi. Yeye ndiye aliyeomba.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaandika habari za mtoto wa mtu, jiulize kama ungeweza kuyasoma maneno hayo kwa sauti, mzazi amekaa mbele yako, mtoto kamshika kidole.

Mimi nilisomea ualimu miaka miwili. Siku ile mstari mmoja ulinishinda.