Tovuti ya mboga za Mgeta iliyomziba mwenyekiti uso

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma uzi wa yule jamaa anayelalamika tovuti yake inavurugika kwenye simu ya bosi, nikaona nami nitoe yangu. Yalinipata mwenyewe, sikusimuliwa.

Ni miaka ile biashara ya mazao imeachiwa huria na intaneti kafe ndiyo zinaanza kufunguliwa Morogoro.

Wakulima wa mboga wa Mgeta walichoka kuwategemea madalali wa Dar. Wakaunda kikundi, wakataka tovuti ili wapate wanunuzi wenyewe.

Katibu wao alikuwa mjomba wangu. Kwetu Waluguru mjomba akisema, imeisha. Kazi nikapewa mimi, mwenye kozi ya miezi mitatu na kiburi cha miaka kumi.

Juu ya ukurasa nikaweka picha mbili: mwenyekiti kushoto, mjomba kulia. Nikaangalia kwenye kafe ya Mazimbu nilikokuwa nafanyia kazi. Safi kabisa. Sikuangalia kwingine.

Wiki iliyofuata mwenyekiti, mzee mstaarabu sana, akampeleka mgeni wake kafe ya Msamvu akaione. Ikafunguka. Picha ya mjomba imekaa juu ya picha yake. Cha mwenyekiti kilichobaki kuonekana ni sikio moja.

Kikao kikaitwa Mgeta. Nikapanda mlimani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu akiangalia pembeni. "Mwambie mjomba wako, cheo changu akikitaka agombee. Asinikalie usoni."

Mjomba akasimama. "Mimi nimeiona Mazimbu kwa macho yangu, tumekaa bega kwa bega. Mwenyekiti anatafuta sababu."

Kikundi kikapasuka hapohapo. Watu wa mwenyekiti wakagoma kupakia mboga lori moja na watu wa mjomba. Na mimi, wakuu, nikaapa mbele ya kikao kwamba tovuti haina tatizo lolote.

Kesho yake nikaenda Msamvu peke yangu. Sikio lile pale.

Kumbe kafe hizo mbili zilitumia brauza tofauti, na kila moja ilikuwa inaisoma CSS yangu, yale maelekezo ya kupanga ukurasa, inavyojua yenyewe. Siku tatu nikawa nabadilisha msimbo kwa kubahatisha. Nikitengeneza Msamvu, Mazimbu inaharibika.

Jamaa mmoja wa maabara ya kompyuta ya chuo kimoja pale mjini ndiye aliyeniuliza kwa upole, "Umesoma viwango vya wavuti, au unapiga ramli?"

Akanionyesha kurasa mbili. Moja ina viwango vyenyewe, yaani kanuni za kuandika tovuti. Nyingine ina jedwali la brauza ipi inakubali nini, na ipi inakosea wapi. Tatizo langu lilikuwa limeandikwa pale, na dawa yake pembeni. Nilisoma huku masikio yanawaka kwa aibu.

Nikarekebisha mistari minne, nikarudi Mgeta kuwaomba radhi wote wawili, nikashuka nao mjini.

Mazimbu: bega kwa bega.
Msamvu: bega kwa bega.

Mwenyekiti akauliza, "Mjini kuna kafe ngapi?"

Tukazunguka zote. Kila kafe anavuta kiti, anajitazama, anaguna, "Twende nyingine." Tulipofika ya nne yeye na mjomba walikuwa wanataniana, na wameshakubaliana lori liwe moja.

Kafe ya mwisho, dada wa mapokezi alikuwa anachungulia nyuma yetu. Akasema, "Picha nzuri, wazee wangu. Sasa mtu akitaka karoti anapiga namba gani?"

Tukaangalia juu ya ukurasa. Tukaangalia chini. Namba haikuwepo. Karoti zenyewe hazikuwepo.

Nilichojifunza: usiape kwa brauza moja, na soma jedwali kabla ya kubahatisha. Ila hilo la namba ya simu, wakuu, halimo kwenye jedwali lolote.

Na nyie mafundi wa tovuti, mteja wenu wa kwanza aliona kitu gani ambacho nyie hamkukiona? Mwageni hapa, nipate wa kucheka naye.