Shetani Tuliyemtafuta Mwilini mwa Hilda

Mpaka leo, mwanangu, nikiikumbuka Jumatano ile mwili unanisisimka. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba Masasi kwa mjane mmoja Mwislamu, Bi Somoe, najifunza ushonaji. Kwetu ni Lulindi. Baba alikuwa mwalimu wa dini pale kanisani, mtu wa maneno machache. Mdogo wangu Hilda, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa na kifafa. Hospitali walimpa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila jioni, na tangu aanze kuvimeza alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kuanguka.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa nchini. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa sabuni na kanga, mitumba ikamwagwa sokoni, na wahubiri nao wakaja, kila mmoja na jenereta yake na vipaza sauti vyake. Usinicheke. Sisi tuliozoea kuimba zaburi polepole tulipigwa na bumbuwazi. Mmoja wao, kijana mtanashati aliyetoka mbali, alisimamisha hema chini ya ile milima ya mawe, na mimi sikukosa hata siku moja. Alifundisha kwamba Shetani alikuwa kiongozi wa waimbaji mbinguni, akaasi, akatupwa duniani na jeshi lake, na kwa kuwa hawana miili, wanaitafuta ya kwetu. Kifafa, alisema, ni mmoja wao amelala ndani ya mtu, na kila kidonge unachomeza ni kitanda unachomtandikia.

Nilimfikiria Hilda palepale.

Basi nikamdanganya Baba. Nilimwambia nampeleka Hilda Masasi nimshonee gauni la kipaimara, naye akafurahi, akatupa na mihogo ya kumpelekea Bi Somoe. Hemani yule mhubiri alimshika Hilda kichwa na kumfokea huyo aliyemo ndani atoke. Hilda akalia, watu wakashangilia. Tuliporudi chumbani nilimweleza mdogo wangu, kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaonitisha sasa, kwamba Shetani alikuwa amekaa ndani yake tangu utotoni, kwamba sasa ametoka, na asije akamfungulia mlango tena. Kisha nikavichukua vidonge vyake nikavitupa chooni.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano mchana niko kwa fundi, nikaja kuitwa mbio. Hilda alikuwa uani amebandika maji ya ugali, kifafa kikamwangusha juu ya mafiga. Bi Somoe ndiye aliyemvuta kutoka motoni, na viganja vyake mwenyewe vilikuwa vimebabuka. Nilimkuta amepiga magoti, anammwagia Hilda maji na huku anamwita jina. Shavu la kushoto na mkono wote wa kushoto, mwanangu... siwezi kukueleza vilivyokuwa. Sikulia. Nilisimama mlangoni na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, kama vile ni mtoto wa watu wengine.

Tulipomfikisha hospitali, nilikimbia hemani kumwita mhubiri aje aombe. Nilikuta vijana wake wanafungua kamba za hema, wanahamia mji mwingine. Alinisikiliza huku anasimamia upakiaji, akasema yule aliyetolewa amerudi na wenzake saba, maana nimemlaza mtoto katika nyumba ya watu wa dini nyingine. Nyumba hiyo ndiyo ya yule mama aliyetia mikono motoni. Nilimtazama akipanda gari, na nadhani ndipo macho yalipoanza kunifunguka.

Baba alifika kesho yake kwa lori la korosho, pamoja na Bibi, mama wa mama yetu, aliyekuwa ameteremka kutoka Newala kututembelea. Niliwaamkia shikamoo. Bibi aliitikia. Baba hakuitikia. Ilibidi niwaeleze yote mbele ya kitanda, na Bi Somoe yupo, na mikono yake imefungwa bendeji.

Sikutegemea kilichofuata. Walianza kubishana kuhusu Shetani. Baba alisema alivyosomeshwa yeye, ni malaika aliyeingiwa na kiburi, na kazi yake ni kudanganya na kushitaki watu, si kuwaangusha jikoni. Bi Somoe akasema, kwa heshima, hakuwa malaika kamwe. Iblisi ni katika majini, aliumbwa kwa moto, akakataa kumsujudia Adamu, na alichoachiwa ni kunong'ona tu. Bibi aliwasikiliza, halafu akasema kwao utotoni hawakuwa na mkuu wa maovu yote. Walikuwa na pepo wa porini waliowapoteza watu njia, na walikuwa na binadamu wenye husuda. Huyo mmoja mkubwa yeye alimsikia alipobatizwa, na mpaka uzeeni hakuwahi kuelewa Mungu alimwacha wa nini. Baba akataka kumjibu. Muuguzi akaingia na kidonge.

Bibi akamwinua Hilda kichwa, Baba akamtia kidonge kinywani, Bi Somoe akaegemeza kikombe kati ya zile bendeji mbili mpaka Hilda akanywa. Halafu Hilda akauliza, kwa sauti ndogo, "Baba, bado yumo?"

Baba alikaa chini. "Hakuwahi kuwamo, mwanangu."

Kisha akanigeukia mimi, hakupaza sauti. "Dorothea, mkono utapona. Lakini umemwambia mtoto mgonjwa kwamba adui wa Mungu anaishi ndani yake. Hilo utalitoaje?"

Mkono ulipona kweli, ingawa vidole viwili vilishikamana, na kipaimara alipata. Lile neno ndilo lililobaki. Miaka sita baadaye nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, nikamnyooshea Hilda ampakate. Akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono nyuma ya mgongo. Alisema hapana, dada, yule asije akahamia kwa mtoto. Mwanangu, nilishtuka kuliko siku ya moto. Miaka sita alikuwa amelala na woga ule, na mimi niko karibu naye, nimedhani yamekwisha. Watoto wangu wawili wa kwanza hakuwagusa wakiwa wachanga. Wa tatu alimpokea mwenyewe, bila kuombwa, nami nikatoka nje nikalie.

Sasa nakusihi. Shetani alitoka wapi, mimi sijui, na umri huu nilionao sijapata wawili wanaokubaliana. Amini ulivyofundishwa, na mwenzako mwache na alivyofundishwa. Lakini usimwonyeshe mtu kidole ukasema Shetani yumo ndani yake, hasa mgonjwa, hasa mtoto anayekuamini. Akitokea mtu kukwambia utupe dawa ya mgonjwa, muulize kwanza kesho atakuwa wapi. Na ukishakosea kama mimi, usiseme yamepita. Rudi umuulize uliyemkosea anaogopa nini.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe ulimi usiomtia mtu hofu, na mikono kama ya Bi Somoe. Nenda salama.