Kishubaka cha Pembeni mwa Mkewe

Mwenye nyumba wangu aliponiambia kwamba meya wa mji mmoja wa Italia anakuja Toronto kuomba kura, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini nyumbani kwake, maeneo ya Jane and Finch, baada ya kuichoka Lawrence Heights, na kabla yake Unionville. Mimi sikai mahali nikatulia. Mzee huyo alikuwa Mwitaliano, mwashi mstaafu, mgane, na Kiingereza chake, kama changu, kilikuwa cha kuokoteza.

"Kura ya bunge naipiga hapa hapa kwa posta," alinieleza. "Ya meya, sharti niende mwenyewe. Ndiyo maana wanakuja kutubembeleza tupande ndege."

Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniisha. Nikamwuliza meya ana nini cha kumpa mtu anayeishi Kanada.

"Kaburi," akajibu.

Mkewe alifariki walipokwenda kwao kusalimia, akazikwa huko huko. Makaburi ya mji ule yako chini ya manispaa, na wafu wengi hawafukiwi ardhini. Huwekwa ndani ya ukuta mrefu, kila mmoja na kishubaka chake, mbele jiwe la marumaru lenye picha. Mkewe yuko mwisho wa ukuta. Kishubaka cha pembeni mwake kilikuwa kitupu, na mzee alikuwa akikiomba tangu msiba. Ofisi ya meya haikukubali wala haikukataa. Sasa uchaguzi umekaribia, na jibu likaja ghafla: fika kwenye ukumbi wa Waitaliano wa Toronto Jumapili, tutazungumza.

Kwetu Bukavu nimewaona wagombea wakigawa sukari na fulana, na barabara zikabaki na mashimo yale yale. Nikamwambia, "Mzee, nitakupeleka, lakini sikai kwenye gari. Naingia na wewe."

Ukumbi ulijaa wazee wa mji wao, harufu ya kahawa na mchuzi wa nyanya. Meya alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu vinavyong'aa, na kifuani alivaa ukanda wa rangi tatu za bendera yao.

"Ukanda ule ni wa shughuli za serikali," mzee alininong'oneza. "Leo shughuli gani? Kula tambi?"

Meya alimkumbatia, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Mzee alinitafsiria baadaye, akiapa kwamba hawana udugu wowote: "Mjomba! Mahali pako pako tayari, ubavuni mwa shangazi." Watu wakapiga makofi. Mimi nilimtazama meya machoni. Alikuwa ameshaanza kutafuta mkono mwingine wa kushika.

"Umemwamini?" nikauliza tulipoketi.

"Mimi ukuta nauamini nikishaugusa."

Akampigia simu binti wa ndugu yake, anayeishi kule, akamwomba aende makaburini. Kwao jua lilikuwa bado halijazama. Tulikuwa tukila binti alipopiga kwa video. Tukaiona picha ya marehemu, chini yake maua mapya. Kisha simu ikasogea kidogo. Kishubaka cha pembeni kilikuwa kimezibwa kwa marumaru nyeupe, na juu yake picha ya mwanamume mwenye masharubu akitabasamu.

"Huyu aliwekwa wakati wa baridi, ami," binti akasema. "Nilidhani unajua."

Mzee aliinuka na simu mkononi, akaenda moja kwa moja hadi meza ya meya. Nilimfuata. Jirani mmoja wa mezani alinitafsiria sikioni.

Meya aliangalia, akatabasamu. "Kosa la karani, mjomba. Tutamhamisha."

"Maiti?"

"Hufanyika."

"Na akishinda mwingine, na mimi nitahamishwa?"

Meza ya nyuma ilicheka. Mzee alimtazama meya toka juu hadi chini. "Basi nipe mke wangu. Nimlete huku, nizikwe naye."

Meya alinyoosha ukanda wake taratibu. "Kumtoa nako kunahitaji kibali cha ofisi yangu. Njoo, mjomba. Piga kura, halafu tuyamalize."

 Njiani kurudi nilimwambia asiende, yule mtu anamchezea. Wiki ile ile akakata tiketi. Mpinzani wa meya naye alikuwa amempigia simu, akamwahidi kishubaka kile kile, chenye mtu ndani. Sikujua tena yupi ni mwongo zaidi, na nadhani hata mzee hakujua. Lakini mkewe alikuwa mikononi mwao, na kukaa Toronto kusingemfungulia ukuta.

Nilimpeleka uwanja wa ndege. Nikashindwa kujizuia.

"Mzee, kura utampigia nani?"

Alinitazama vile vile alivyomtazama meya, toka juu hadi chini.

"Nani kati yao amekutuma uniulize?"

Akalishika sanduku lake mwenyewe, akaingia ndani.